Kuchagua Farasi wa Howrse Sokoni

Anayeingia soko la farasi wa Howrse, mchezo wa mtandaoni wa kufuga farasi, kwa mara ya kwanza huvutwa na rangi. Manyoya adimu hupandisha bei, na sina ugomvi na mtu anayekusanya farasi kwa uzuri wao. Ila anayetaka kuzalisha washindi aipite rangi haraka, maana inaweza kubadilishwa hata baadaye kwa tufaha la dhahabu. Kisichobadilika ni uwezo wa kurithi, zile pointi ambazo farasi huzaliwa nazo na kubaki nazo, umlishe utakavyomlisha. Hizo ndizo unazolipia.

Mchezo huu ulitengenezwa Ufaransa na kampuni ya Owlient mwaka 2005, kabla ya Ubisoft kuinunua kampuni hiyo mwaka 2011. Waliouunda walichungulia mazizi ya kweli: jike hubeba mimba miezi 11, ingawa kila siku yetu humzeesha farasi kwa miezi 2, kwa hiyo mtoto hupatikana ndani ya wiki.

Sasa zitazame pointi zenyewe. Wauzaji hutangaza jumla, na wanunuzi wengi huishia hapo. Jumla hiyo imekusanywa kutoka kwa stadi sita: ustahimilivu, kasi, madaha ya mwendo, shoti, mwendo wa matiti, na kuruka viunzi. Kila shindano hupima tatu tu kati yake. Farasi wawili wanaweza kuwa na jumla ileile, mmoja akawa amerundika pointi zake kwenye stadi tatu zinazokwenda pamoja, mwingine amezitawanya kote. Huyo wa pili atashindwa na farasi wa bei ya chini kila mara. Mimi huanza na stadi tatu bora za aina husika, najumlisha hizo peke yake, kisha ndipo naangalia bei. Halafu nafungua nasaba. Nikiona pointi za stadi hizohizo zikipanda kutoka kwa bibi hadi kwa mama hadi kwa binti, najua mfugaji alikuwa na nia, na farasi wa mfugaji mwenye nia ana thamani hata kama jumla yake haijavuma.

Kuna kipimo kingine kinachowachanganya watu, nacho ni BLUP. Katika ufugaji halisi, hesabu hii iliasisiwa na Charles Henderson, mtaalamu wa ng'ombe wa maziwa wa Chuo Kikuu cha Cornell, ili kutenga kile mnyama alichorithi na kile alichopewa na malezi mazuri. Ndani ya Howrse kazi yake imegeuka: BLUP huonyesha malezi. Mtoto huanzia -100, na ili afike 100 anahitaji umri wa miaka 10, mafunzo kamili ya stadi zake kuu na ushindi wa mashindano 20. Wazazi wakipandishwa BLUP ikiwa chini, mtoto hupokea pungufu ya damu waliyonayo.

Kwa hiyo, farasi mwenye BLUP 100 anakuuzia jasho la mtu mwingine. Ni jasho halali, na ukiwa na haraka ya kuzalisha lilipie bila kinyongo. Lakini ukiwa na subira, mtafute mtoto mwenye pointi za juu na BLUP ya chini, umlee mwenyewe. Hapo ndipo fedha ya mchezo, equus, hufanya kazi kubwa kuliko kwingine kote sokoni.

Fedha yako iweke kwenye majike. Dume bora huna haja ya kummiliki, kwani wenye madume huuza upandishaji kwa umma, na damu ya kiwango cha juu hupatikana kwa ada ndogo ukilinganisha na bei ya farasi mzima. Jike ndiye mwenye mimba, na anayemmiliki ndiye mwenye mtoto. Mkague umri: jike aliyefika BLUP 100 akiwa ameshazeeka amebakiza watoto wachache, hata kama tangazo lake linang'aa.

Unapouza, usimpeleke mnadani farasi ambaye thamani yake inahitaji maelezo. Mnadani watu husoma jumla na rangi, basi. Jike mwenye nasaba iliyojengwa kwa makini muuze kwa bei maalumu, au mtengee mfugaji wa aina hiyohiyo unayemfahamu, maana yeye atazisoma zile stadi tatu kabla hujamwonyesha.