Amashakwe Kwanza

Mwanafunzi wa ngoma za Burundi, awe Kinama kaskazini mwa Bujumbura au kwenye kilima cha Gishora karibu na Gitega, ana jambo moja la kujifunza kabla ya yote: kupiga pigo lile lile, kwa nguvu ile ile, bila kukimbia. Kwa Kirundi, ngoma zinazoshika pigo hilo lisilokatika huitwa amashakwe. Katikati husimama inkiranya, ngoma kiongozi, na zinazofuata mwendo wake ni ibishikizo. Zote hupangwa nusu duara, na idadi yake huwa witiri.

Mtazamaji huvutiwa na mchezaji anayeruka mbele ya inkiranya. Mwalimu hodari humwangalia yule wa pembeni, anayeshika amashakwe.

Ngoma hii huchongwa katika gogo la umuvugangoma, mti ambao jina lake latokana na kuzifanya ngoma zivume, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti. Chombo kizito namna hiyo hakimhurumii mwenye bega gumu. Anayeikamata imirisho, zile fimbo mbili za kupigia, kana kwamba anapasua kuni, huchoka upesi; na akichoka huchelewa au hutangulia, akawavuruga wenzake wote. Basi miguu hutanuliwa kidogo, kiwiko hulegezwa, fimbo huachwa iruke yenyewe kutoka kwenye ngozi. Hayo hayaingii mwilini kwa siku moja. Hurudiwa kila siku, hata siku ambayo mtoto anaona ameshayajua. Hasa siku hiyo.

Gumu zaidi ni sikio. Katikati ya kishindo chake mwenyewe, mtoto sharti aisikie inkiranya, na jirani yake wa kulia na wa kushoto. Wengi hufika hapo wakiwa na mikono tayari, wakakwama kwa miezi.

UNESCO iliziingiza ngoma hizi katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2014. Amri ya rais ya mwaka 2017 iliwazuia wanawake kuzipiga, na somo zuri namna hii kuwapita wasichana ni hasara kubwa.

Zamu ya kucheza ikifika, kijana huchomoka kwenye safu, akaruka mbele ya inkiranya na kuipiga kwa madaha, watu wakishangilia. Kisha hurudi kwenye ngoma yake, akaendelea na amashakwe.