Wahenga Walionya, Sisi Tukasahihisha Sarufi

Mara ya kwanza kutazama Get Out nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Dodoma. Tulikuwa sita, tumejibana kwenye vitanda viwili vya hosteli, laptopu juu ya ndoo iliyopinduliwa, upepo wa Julai ukitikisa madirisha. Baada ya tukio la utangulizi, miti ikaanza kupita mbele yetu kama unavyoiona kutoka ndani ya gari, na kwaya ikaimba kwa sauti ya chini. Mmoja wetu akasema, "Hicho si Kiswahili?" Tukarudisha nyuma. Kweli kilikuwa Kiswahili.

Wimbo huo unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga". Mmarekani Michael Abels aliutunga kwa ajili ya filamu hii ya Jordan Peele ya mwaka 2017. Unamwonya kijana akimbie. Mamilioni ya watazamaji walisikia mnong'ono wa kutisha tu, lakini sisi tulidokezewa siri ya filamu nzima kabla mhusika mkuu hajafunga begi lake. Tukaifanyia nini? Tulicheka. Tulisema mtu husikiliza wahenga, hasikilizi "kwa" wahenga. Tukasahihisha sarufi, tukaendelea kula karanga.

Kwa ambaye hajaiona: Chris ni mpiga picha mweusi. Anachezwa na Daniel Kaluuya, Mwingereza ambaye wazazi wake walitoka Uganda. Anakwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mpenzi wake mzungu, Rose Armitage, na anapokewa vizuri mno. Baba anamwambia angempigia Obama kura kwa muhula wa tatu. Mama, ambaye ni daktari wa magonjwa ya akili, anazungusha kijiko kwenye kikombe cha chai mpaka Chris anazama mahali ambapo anaona kila kitu lakini hawezi kuinua hata kidole.

Wengi wameisoma kama filamu ya ubaguzi wa rangi, na hawajakosea. Mwaka 2018 Peele alipata Oscar ya mswada asilia, Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata. Lakini nilipoirudia mwaka jana, dada yangu akiwa amelala chumba cha pili, niliona filamu kuhusu ukweni.

Kabla ya kijiko, kinachomfunga Chris ni adabu. Mtumishi wa ndani anatabasamu huku machozi yakimtoka, na Chris haulizi zaidi. Simu yake inachomolewa chaji, anaambiwa ni bahati mbaya, naye anakubali. Mgeni mwema hahoji. Peele anaijenga hofu kwa mambo madogo ambayo, ukimsimulia mtu, wewe ndiye utaonekana mwenye matatizo.

Dada aliolewa kijiji kimoja njia ya Kondoa. Kwenye kicheni pati mashangazi walimfunda: mama mkwe akisema, nyamaza, ya ndani usiyatoe nje. Kwenye sendofu nilicheza mpaka shati likalowa. Mwezi wa tatu, simu yake ikaanza kupokewa na mama mkwe. "Mwenzio yuko shambani, mwanangu." Sauti ya upole kabisa. Siku moja dada akanipigia kwa simu ya jirani. Hakuwa na jeraha la kuonyesha. Alisema cheti chake cha ualimu kimefungiwa kabatini kwa mama ili kisipotee, kwamba hata kwenda dukani lazima asindikizwe, na kwamba ndani ya nyumba ile hapumui. Nikamwambia, "Dada, mvumilivu hula mbivu."

Katika filamu, Rod, rafiki wa Chris, anakwenda polisi kueleza wasiwasi wake. Wapelelezi wanamsikiliza mpaka mwisho, kisha wanaangua kicheko. Mara ya kwanza nilicheka pamoja nao. Mara ya pili nilisimamisha filamu. Siku zote nilikuwa nimejiona Rod, kumbe nilikuwa upande wa pili wa meza.

Nina lalamiko moja, nalo linahusu sehemu ya mwisho. Peele anampa Chris chumba cha upasuaji, video ya maelezo na damu. Uovu unathibitika, na tangu hapo mtazamaji anastarehe, kwa sababu hakuna anayeweza kumwambia Chris kwamba anazidisha mambo. Hata gari lililoleta wokovu lilibadilishwa: katika mwisho wa awali walifika polisi, wakamkamata Chris. Nyumba nyingi hazina chumba cha upasuaji. Mama mkwe wa dada huenda aliamini kweli kwamba anakitunza cheti. Hofu ya namna hiyo haina ushahidi, na nusu ya kwanza ya filamu inaijua vizuri kuliko nusu ya pili.

Halafu kuna wahenga wenyewe. Wimbo wa Abels unawasikia wakisema kimbia. Wahenga hao hao ndio wenye methali niliyomwambia dada. Kwetu wanaosema vumilia ndio wanaopewa kipaza sauti ukumbini. Wanaosema kimbia wanaimba chini chini, na sisi tunakosoa sarufi yao.

Dada alirudi baada ya miezi kumi na moja, kwa basi la asubuhi, na begi moja. Cheti alikuwa amekifunga ndani ya khanga. Sikumuuliza alikipataje.

Juzi tuliitazama filamu pamoja. Kwaya ilipoanza akageuka. "Huyo kaka hajui Kiswahili?"

"Hajui."

Akakaa kimya kidogo. "Mimi nakijua. Kilinisaidia nini?"

Tulifika kwenye kikombe cha chai, akaomba nizime. Nikazima.