Mpiga Ramli Hulipa Nini Anapokosea?

Katika insha hii ninahakiki dai la wapiga ramli kwamba wanaweza kuwasaidia polisi kuwatafuta watu waliopotea. Mfano wangu ni Sylvia Browne wa Marekani, aliyejulikana sana kupitia kipindi cha televisheni cha Montel Williams.

Novemba 2004, mama mmoja wa Cleveland alimwuliza Browne katika kipindi hicho habari za bintiye, aliyetoweka Aprili 2003. Browne alimjibu kwamba binti amekwisha kufa. Mama alirudi nyumbani akaondoa picha za mwanawe. Alifariki mwaka 2006. Mei 2013 binti huyo alitoroka, akiwa hai, kutoka nyumba alimofungiwa katika mji uleule.

Watetezi husema kila mtu hukosea, hata polisi. Ni kweli. Lakini mwaka 2010 jarida la Skeptical Inquirer lilichapisha uchunguzi wa kesi 115 ambazo Browne alizizungumzia. Katika kesi 25 ambazo ukweli wake ulijulikana, hakupatia hata moja. Zilizobaki hazikuweza kuthibitishwa.

Mbona basi watu huamini? Kwanza, maneno ya ramli ni mapana. Mtu akisema anamwona aliyepotea karibu na maji, ni mahali gani pasipo na mto, kisima wala bomba? Ukweli ukijulikana, maneno hayo hukatwa na kushonwa upya mpaka yauenee. Pili, mfa maji haachi kutapatapa. Mzazi asiye na habari hushika neno lolote. Kwetu Uganda pia, mtoto akipotea hakosi jirani wa kuielekeza familia kwa mganga.

Wengine hudai kwamba ramli huliwaza. Mimi sikubali. Kumwambia mama kwamba mwanawe amekufa, bila ushahidi, ni kumnyang'anya tumaini. Afisa wa polisi huandika alichokiona, na mwenzake anaweza kwenda kukikagua. Maono hayakaguliki. Tena Browne aliendelea kutoa vitabu baada ya kipindi kile. Aliyelipa gharama ya kosa ni mama.

Kwa kumalizia, anayedai kuona aliko mtu na ataje mahali hasa, iandikwe, polisi waende, na matokeo yatangazwe hata kama amekosea. Asiyekubali sharti hilo asikaribishwe mbele ya mzazi anayelia.