Umeshalipa?

Fundi baiskeli mzuri hatambuliki kwa baiskeli alizotengeneza tu. Zipo pia zile alizowakataza watu wasinunue, na hizo huzioni kijiweni kwake, maana zimesharudi kwa muuzaji zinamngoja mteja mwingine. Sehemu hiyo ya ufundi haina risiti wala ushahidi. Mimi naiona kubwa kuliko zote.

Ninayemzungumzia ana kijiwe chini ya mwarobaini, Ilala, Dar es Salaam. Mali yake ni sanduku la bati lenye spana, beseni la maji ya kutafutia pancha, mkebe wa grisi, rula ya chuma ya mwanafunzi, na tairi kuukuu zilizoning'inizwa tawini badala ya kibao. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa Phoenix na Avon za wauza mkaa na wauza samaki: baiskeli nzito, zisizo na giya, zenye breki za vyuma badala ya waya. Siku hizi anazidi kuletewa baiskeli za resi.

Hamu ya baiskeli hizo ina chanzo chake. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France akarudi nyumbani na jezi ya kijani. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yakafanyika Kigali, mara ya kwanza kukanyaga Afrika, na watu wetu wakaona kwenye luninga Wazungu wakihema kwenye vilima ambavyo mama wa Kirwanda huvipanda kila siku na mzigo kichwani. Kijana aliyeyaona hayo anataka usukani uliojikunja kwenda chini na tairi nyembamba. Mpya, iliyo nzuri, inaweza kumgharimu bei ya bodaboda. Basi anakimbilia mtumba, baiskeli zinazoshuka kwenye makontena kutoka Japani, Uingereza na kwingineko Ulaya, zimesongamana, pedali ya hii imeingia kwenye spoku za ile.

Muuzaji naye anaijua kazi yake. Ataifuta fremu kwa mafuta ya taa, tairi atazipaka dawa ya kung'arisha ziwe nyeusi tititi, na kiti kilichochanika kitavishwa mfuko mpya. Kijana ataishika kwa vidole viwili, ataiinua, atasema, "Dah, nyepesi!" Ukaguzi umekwisha. Wahenga walishasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ila hawakuwahi kukutana na dawa ya kung'arisha tairi.

Siku moja nikiwa kijiweni alifika kijana anasukuma baiskeli ya buluu, ya chuma, iliyotengenezwa Japani. Nyuma yake alifuatana na dogo wa dukani, ametumwa kuilinda isije ikapotelea mtaani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeshalipa?"

"Bado, mzee."

"Vizuri. Ilete hapa."

Swali hilo ndilo la kwanza siku zote. Akijibiwa "nimeshalipa", mzee hunyamaza, huchukua spana, huuliza tatizo ni nini. Hana haja ya kumwambia mtu aliyekwisha kulipa kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Akijibiwa "bado", kazi nyingine kabisa inaanza.

Hakugusa giya. Alimwambia kijana aipande, asimame miguu miwili chini, bomba la juu likiwa katikati ya mapaja. Akatazama nafasi iliyobaki. Kisha akamkalisha, akamshikia kiti kwa nyuma, akamwambia anyooshe mikono ashike usukani bila kujivuta. Wanunuzi wengi huliruka jambo hili, na mimi ningelitanguliza mbele ya yote. Cheni hubadilishwa, ringi hubadilishwa, kiti kadhalika. Fremu iliyokuzidi urefu itakuzidi mpaka siku unayoiuza, na mgongo utakukumbusha kila kilomita.

Baada ya hapo akalegeza bolti ya kiti, akakizungusha. Nilimuuliza kwa nini aanzie huko. Akajibu kwamba bomba la kiti ni aluminiamu na fremu ni chuma. Viwili hivi vikikaa pamoja miaka mingi na jasho na mvua, huoteana kutu vikashikana, na hapo hakuna spana itakayokusaidia. Watu huishia kukata kwa msumeno. Kiti kilizunguka, akaguna kidogo. Kwake huko ni kusifu.

Kilichofuata ndicho ninachopenda kukitazama. Alipitisha kidole gumba chini ya bomba la chini, karibu na shingo, taratibu, macho yake yakiwa kwenye magari yanayopita barabarani. Baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele hujikunja hapo kwanza. Rangi hufanya makunyanzi madogo ambayo jicho huyakosa kwenye kivuli, lakini kidole huyapata. Angeyahisi, shughuli ingeishia hapo hapo. Hakuyahisi. Akainua gurudumu la mbele, akageuza usukani polepole kushoto na kulia. Katikati kabisa, pale baiskeli inapoelekea mbele, usukani ulisita, ukajishika, kisha ukaendelea. "Gololi zimechimba bakuli zake," alisema. Miaka ya kwenda moja kwa moja kwenye barabara mbovu ilikuwa imezigongesha gololi mahali pale pale. Huo ni ugonjwa wa kutibika, wala haukumsumbua.

Akaipindua baiskeli, magurudumu juu. Akalizungusha la nyuma na kusogeza ukucha wake karibu na ringi. Ringi ilipotoka kidogo upande wa kulia, ukucha uligusa: tik, tik, tik, mara moja kila mzunguko. Kisha akaanza kuzikwanyua spoku kwa kidole mojamoja, kama mpiga kanuni anayetafuta sauti kabla taarabu haijaanza. Watu hudhani spoku hubeba uzito kwa kusimama chini ya ekseli. Waya mwembamba vile ukisukumwa ungepinda papo hapo. Kinachoishikilia ringi ni kuvutwa: kila spoku inavuta upande wake, na ringi inakaa duara kwa sababu mivutano hiyo imelingana. Spoku iliyolegea hutoa sauti ya chini, iliyokazwa kupita kiasi hulia juu. Zilizo upande mmoja zinatakiwa ziimbe karibu sawa. Mbili zilijibu kwa sauti nzito, za mahali pale pale ukucha ulipogusa. Mkono wa mzee haukuvumilia. Alichukua ufunguo mdogo wa spoku akazungusha nipeli ya kwanza robo mzunguko, ya pili robo, akalegeza ya upande wa pili kidogo tu, akalizungusha tena gurudumu. Ukucha haukugusa kitu. Amenyoosha ringi ya baiskeli isiyo yake, isiyo ya mteja wake, na ambayo pengine haitarudi tena pale. Dogo wa dukani alitabasamu, bosi wake amepata matengenezo ya bure.

Rula ilitoka kwa ajili ya cheni. Umbali kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo ukianza kuhesabu kwenye pini iliyo mwanzo wa rula, pini ya 24 inayofuata inatakiwa iangukie inchi 12 barabara. Cheni haivutiki kama mpira, ila matundu ya pini hulika na jumla yake hurefuka. Ikipita inchi 12 kwa nusu ya robo inchi, imeshakula na meno ya friwili, na ukifunga cheni mpya juu ya meno hayo itaruka. Ya kijana ilikuwa imepita. Hapo muuzaji mwerevu angesema "cheni tu hiyo", na fundi asiye mwaminifu angekubaliana naye, maana cheni na friwili ni kazi yenye malipo.

Nyuma ya mikono ya pedali kulikuwa na alama ya Shimano na herufi mbili ndogo, FC. Mzee hasomi Kiingereza, lakini herufi hizo anazijua: ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, na A ilianza 1976. F basi ni 1981, na C ni Machi. Baada ya Z herufi zilirudi mwanzo, hivyo F yaweza kuwa 2007 pia, na ndiyo maana fundi hasomi herufi peke yake. Friwili ilikuwa na meno ya giya 6 na vishikio vya giya vilikuwa kwenye bomba la chini, siyo kwenye breki. Ilikuwa ya 1981. Umri wenyewe haukumtisha. Umbo la baiskeli, magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na cheni inayovuta la nyuma, halijabadilika sana tangu John Kemp Starley alipotoa Rover yake huko Coventry mwaka 1885, na fremu ya chuma iliyotunzwa huwazika wamiliki wake. Hata ikipata ufa, mchomeleaji anayejua kazi anaweza kuishughulikia. Fremu za karboni mzee huzipokea, huziangalia, huzirudisha: "Hii siisemei." Nimesikia mafundi wengi wakisema kila kitu kinatengenezeka. Wanaojua kutamka "siisemei" ni wachache.

Kilichobaki kilikuwa tairi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ubavuni liliandikwa 27. Kwenye namba za tairi wanunuzi wapya huchanganyikiwa, na siwalaumu. Tairi la Phoenix huitwa 28, na hukaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 635. Baadhi ya tairi za resi nazo huandikwa 28, ila zile zinazoitwa 700C hukaa kwenye milimita 622, na ukijaribu kuzifunga kwenye ringi ya Phoenix utajiumiza vidole bure. Katikati yake wamekaa hawa wazee wa 27, milimita 630, ambao kwa jina ni wadogo kuliko 700C na kwa mwili ni wakubwa. Tairi za 26 na za Phoenix utazipata dukani kirahisi. Za 700C ukizunguka utazipata. Za 27, alisema mzee, "utazitafuta mpaka uchoke".

Dawa ipo: kubadili magurudumu yawe ya 700C. Kwa kuwa ringi mpya ni ndogo kwa milimita 8, upande wa breki hupungua milimita 4, na raba za breki lazima zishuke kiasi hicho ili ziendelee kugusa chuma na siyo tairi. Mzee alilegeza raba moja, akaisukuma chini kwenye mfereji wake, akaweka rula. Ilishuka milimita 2 ikagota. Kwa hiyo ingehitaji magurudumu mawili, breki za mbele na nyuma, cheni, friwili, gololi za shingo. Alikaa kimya akihesabu, kisha akamuuliza kijana anaambiwa shilingi ngapi. Kijana akataja.

"Baiskeli ni nzima. Kwa bei hiyo usinunue."

Nilitazama uso wa kijana ukinyong'onyea, nikaelewa kazi hii inavyomgharimu mzee. Orodha aliyoihesabu ingekuwa ya siku mbili za kazi yenye malipo mazuri. Alihitaji kusema "chukua" tu, halafu asubiri aletewe kazi. Kijana alishukuru kwa heshima zote, akaisukuma baiskeli kurudi alikotoka, ikiwa na ringi iliyonyooshwa. Hakutoa hata mia. Mzee naye hakudai, akarudi kwenye pancha ya muuza samaki.

Kule Kikuyu, nje ya Nairobi, David Kinjah, mwendeshaji aliyemfundisha Chris Froome kabla hajawa bingwa wa Tour de France mara nne, amewalea vijana wa kundi lake la Safari Simbaz wakijifunza kufungua na kufunga baiskeli sambamba na kuiendesha. Nadhani hiyo ndiyo njia bora: anayejifunza kupanda ajifunze pia kuhisi shingo inayosita na kusikia spoku iliyolegea. Lakini si kila mtu anaishi jirani na Kinjah. Wengi wetu tuna mzee chini ya mti, na mzee huyo analipwa kwa pancha, kwa cheni, kwa kukaza breki. Kwa kusema "usinunue" hana bei, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza bei yake.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua baiskeli yako ya kwanza ya resi, kubaliana na muuzaji uipeleke kwa fundi kabla pesa haijatoka mfukoni. Akikataa, achana naye. Na fundi akishaikagua, mlipe papo hapo, hasa akikwambia usinunue.