Kifungua Kinywa Huanza Usiku

Kadi iliyokuwa mezani iliandikwa kwa Kiingereza, na chini yake mtu alikuwa amejitahidi kutafsiri: "Kifungua kinywa cha bara." Nilicheka peke yangu. Kwa mtu wa Mombasa, bara ni Voi kwenda juu. Kumbe bara lililokusudiwa hapa ni Ulaya, kama Mwingereza anavyoitazama kutoka kisiwani kwake: mkate, siagi, jamu na kahawa. Nami nilikuwa kisiwani vilevile, Mji wa Kale, nikipakwa siagi ya bara la watu wengine.

Nilifikia kwenye nyumba hiyo ya wageni kwa sababu shangazi yangu ndiye mpishi wake wa asubuhi, na kwake kulikuwa kumejaa watu wa harusi. Kwa hiyo kwa siku tatu nilikula kama mgeni chakula kilichopikwa na mkono ulionilea. Hapo ndipo nilipoanza kulinganisha.

Chaguo la pili kwenye kadi lilikuwa la Kiingereza kamili: mayai mawili, soseji za ng'ombe, nyanya ya kukaangwa, tosti na maharage ya kopo yenye rojo tamu ya nyanya. Siwezi kukidharau chakula hiki. Kinashibisha, na ukitaka kuzunguka mji juani hadi saa nane, kitakufikisha. Lakini yatazame vizuri maharage yale juu ya tosti. Ni ngano na kunde. Mahamri na mbaazi za nazi pia ni ngano na kunde. Mwingereza na Mswahili wamefikia jawabu moja kwa swali la asubuhi, ila mmoja amefungua kopo na mwingine ameloweka mbaazi tangu jana.

Tofauti iko kwenye usiku. Unga wa mahamri hukandwa kwa tui la nazi, sukari, iliki na hamira, kisha huachwa uumuke watu wakiwa wamelala. Mbaazi zilizolowekwa huchemshwa hadi zilainike, na tui zito huingia mwisho, kwa moto mdogo, lisije likakatika. Hamri likitoka kwenye mafuta huwa limefura na lina uwazi ndani. Unalipasua, unachotea mbaazi. Mwenye kukupa sahani hiyo saa moja asubuhi alikuwa amekufikiria kabla hujalala. Tosti humfikiria mgeni akishaketi.

Kipimo hicho nilikijaribu mahali pengine kabisa, miezi michache baadaye, nikitoka Dar es Salaam kwenda Iringa. Basi lilisimama stendi ya Msamvu, Morogoro, na konda akapiga kelele: "Dakika kumi!" Nilikula supu ya ng'ombe na chapati mbili nikiwa nimesimama, ndimu ikiniwasha kidole nilichojikata. Kwa starehe, Msamvu inashindwa vibaya. Hakuna kiti, supu ina mafuta mengi, na asiyekula nyama hana chake. Lakini ile mifupa ilikuwa imekaa motoni tangu kabla ya mapambazuko, ikimngoja msafiri ambaye mpishi hamjui jina wala sura. Kwa ukarimu, niliipa alama nyingi kuliko kitambaa cheupe cha Mombasa.

Najua pingamizi. Utasema nasifu "asili" ambayo haipo: chapati asili yake ni India, ngano hailimwi Mombasa, hata muhogo tunaouchemsha asubuhi ulivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini. Ni kweli, na ndiyo maana sipimi chakula kwa pasipoti yake. Chakula cha asubuhi ni cha kienyeji pale anayekipika anapokila mwenyewe. Shangazi alikaanga mayai ya watu kila siku, na kwa siku zote tatu sikumwona akila hata moja.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo ni la wenye nyumba za wageni. Hamri halisubiri. Likipoa huwa kama mpira, na mgeni huamka saa anayotaka. Nalikubali hili, kwa sababu siku ya pili waliweka "kona ya Kiswahili": mahamri yaliyokatwa vipande, yaliyofunikwa kwa kifuniko cha chuma hadi yakatoa jasho, pembeni yake jamu. Mbaazi hazikuwapo. Hilo lilikuwa baya kuliko tosti, maana tosti angalau ilikuwa tosti. Ukikitoa chakula kwenye saa yake na kukitenga na mwenzake, mgeni ataondoka akiamini amekionja, na hatakitafuta tena.

Siku ya tatu, saa nne, nilipita jikoni kuaga. Wafanyakazi watano walikuwa wameketi kwenye ndoo na makreti ya soda, wakila mahamri ambayo shangazi aliyakaanga upya baada ya wageni kumaliza, na mbaazi alizokuja nazo kutoka nyumbani. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia mgeni akiuliza mapokezi wapi atapata chakula cha wenyeji. Alielekezwa mkahawa ulio mbali, na akachorewa ramani.

"Shangazi, mbona hawamwambii aje huku?" niliuliza.

Hakuinua macho kutoka kwenye bakuli. "Nimeloweka vikombe vitatu, nasi tuko watano. Anayetaka aseme usiku, mwanangu. Asubuhi atakuwa amechelewa."