Mchemraba, Silinda na Tufe

Ukifungua programu ya FreeCAD ukabofya kitufe cha silinda, haikuulizi neno. Inakuwekea silinda yenye nusu kipenyo cha milimita 2 na kimo cha milimita 10, imekaa palepale vipimo vyote vinapoanzia sifuri. Wapo wachoraji wanaoidharau silinda hiyo. Kwao mchemraba, silinda, tufe na koni ni vitu vya wanaoanza, na aliyekomaa hufinyanga mikunjo huria kwenye skrini. Naona wamekosea. Maumbo haya ndiyo yanayomlazimisha mchoraji kujua kitu chake kimejengwaje, na ushahidi wa hilo ulisimama kwa zege huko Buffalo, Marekani, kabla kompyuta haijaanza kuchora.

 Ukishuka hadi Mto Buffalo katika mji huo unakuta maghala ya nafaka. Mwaka 1842 Joseph Dart na mhandisi Robert Dunbar walijenga mjini hapo ghala la kwanza lililopandisha nafaka kwa nguvu ya mvuke, nalo lilikuwa la mbao. Yaliyokuja kuupa mji sifa ni ya zege: silinda kubwa zilizopangwa safu kwa safu. Hazikufanywa duara kwa ajili ya urembo. Nafaka husukuma ukuta kwenda nje, na ukuta wa duara huusambaza msukumo huo sawasawa, ukabebwa na vyuma vilivyozungushwa ndani ya zege, ilhali ukuta bapa hubinuka katikati na kuumia kwenye pembe. Hata ujenzi wenyewe ulifuata umbo. Mafundi walifunga kalibu fupi ya duara, wakamwaga zege mchana na usiku bila kusimama, huku kalibu ikipandishwa kidogo kidogo kwa jeki. Mchoraji anayechora duara kisha akaliinua kuwa silinda anairudia kazi ileile, ila yeye hachafuki.

Na jirani tu, katika Chuo Kikuu cha Rochester, Herbert Voelcker, Ari Requicha na wenzao walitengeneza miaka ya 1970 mfumo wa uchoraji wa kompyuta uitwao PADL-1. Ulikuwa na maumbo mawili tu, bloku na silinda, yaliyounganishwa au kutolewa moja ndani ya jingine. Ni machache, lakini yalitosha kueleza vipuri vingi vya mashine, kwa kuwa mashine ya kukereza hutoa silinda, keekee hutoboa silinda, na mashine ya kuchonga huacha nyuso bapa. Chukua kibamba cha unene wa milimita 10 kinachohitaji tundu. Anayeanza huweka silinda ya milimita 10, ikalingana na kibamba juu na chini, kisha huitoa. Nyuso mbili zinalala mahali pamoja, na katika programu ya OpenSCAD mdomo wa tundu hubaki na utando unaometameta, kompyuta isijue pana kitu au hapana. Aliyezoea huipa silinda milimita 12 na kuishusha 1, itokeze pande zote mbili. Fundi wa keekee hahitaji kuambiwa hilo, maana keekee yake hutokea upande wa pili kila siku.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi ya dharau. Mwaka 1923 msanifu majengo Le Corbusier aliyasifu maumbo ya msingi katika kitabu chake, akachapisha picha za maghala ya nafaka kama ushahidi, na moja ya picha hizo, ya ghala la Argentina, ilifutwa mapambo ya juu ili silinda zionekane safi zaidi. Mwanahistoria wa usanifu majengo Reyner Banham, aliyefundisha Buffalo tangu 1976, alieleza katika kitabu chake cha 1986 jinsi Wazungu wa Ulaya walivyoyapenda majengo hayo kwa picha tu. Basi kupenda umbo kunaweza kumfanya mtu akidanganye kitu chenyewe, na maboksi mengi yasiyokalika yalizaliwa na mapenzi hayo. Nakubali. Nakubali pia kwamba ubavu wa jahazi au sikio la binadamu havitoki kwenye silinda, na anayevichora atumie zana nyingine. Lakini kosa la Le Corbusier lilikuwa kulifanya umbo kuwa mwisho wa kazi. Kwenye programu ni mwanzo wake, na kila hatua inabaki imeandikwa: hapa nimeongeza, hapa nimetoa, kwa kipimo hiki. Atakayerithi faili miaka kumi baadaye atabadili namba moja tu, na tundu litapanuka. Mkunjo uliofinyangwa kwa kipanya haumwambii lolote.

Kwa hiyo, mwalimu wa uchoraji wa kompyuta, usimfungulie mwanafunzi zana za mikunjo kabla hajaweza kukutajia kwa mdomo kiti alichokalia kimetokana na maumbo gani, na lipi kati yake limetolewa.