"Yaishe" Haitoshi

Chukua hadithi zetu sisi waandishi chipukizi zinazohusu ugomvi wa ndugu, au wa mke na mume. Nyingi zinaishia palepale. Anakuja mchungaji au mzee wa mtaa, anatoa nasaha, wagomvi wanakumbatiana, machozi, basi. Eti wamesameheana! Msomaji anabaki anajiuliza: ule uchungu wote umekwenda wapi?

Kwa maoni yangu, dawa yetu ni kuisoma A Grain of Wheat, riwaya ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka mwaka 1967. Jina lake limetoka katika Injili ya Yohana. Mambo yanatokea Thabai, kijiji cha Kenya, siku za kuukaribisha Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963. Gikonyo, seremala, amekaa kizuizini miaka sita. Anarudi na kumkuta mkewe, Mumbi, ana mtoto wa Karanja, kibaraka wa Wazungu. Hamfukuzi. Ila anaazimia kutomtaja mtoto yule kamwe, anajitosa katika biashara ya mahindi na maharagwe, anatajirika. Ukimwona kwa nje utasema bwana huyu kasamehe. Kumbe kanyamaza tu, na kinyongo kinaitafuna nyumba.

Tena Gikonyo mwenyewe si safi. Alikiri kiapo ili aachiliwe, na jambo hilo halimpi usingizi. Hapo ndipo Ngũgĩ anapotushika: anayedai naye anadaiwa. Kila asaliye Baba Yetu analijua somo hilo, lakini riwaya hailihubiri, inatuonyesha tu mtu anavyolikwepa.

Mumbi naye ana la kusamehe. Mugo anamfunulia kwamba ndiye aliyemsaliti Kihika, kaka yake aliyenyongwa. Mumbi hataki damu nyingine imwagike. Hata hivyo huruma yake haifuti kosa: Mugo anakiri mbele ya umati, na wapiganaji wanamchukua.

Twende hospitali. Gikonyo kavunjika mkono, na sasa anaanza kumuulizia mtoto. Mwandishi mvivu angewakumbatisha hapo hapo. Lakini Mumbi anakataa kuyamaliza kirahisi. Anataka kwanza wakae chini, kila mmoja aseme ya moyoni. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mumbi anajua kwamba mengine yaliyopita ni ndwele hasa, na hayo yajayo hayagangiki kabla yake.

Jambo hili si la ndoa tu. Agosti 1963, huko Nakuru, Kenyatta aliwaomba walowezi na Waafrika wasameheane. Sawa, lakini nani alikuwa ametubu, na ardhi je? Asiyeuliza hivyo anamwambia aliyeonewa afumbe mdomo, kisha anauita huo ukimya Ukristo.

Kasoro ipo. Moyo wa Gikonyo unalainika haraka mno. Miaka ya kinyongo inayeyuka katika kurasa chache za kitandani. Ningependa nimwone akirudi nyuma japo mara moja, maana ndivyo tulivyo: leo umesamehe, kesho unamkuta mtu sokoni, roho inachafuka upya.

Lakini mwisho wenyewe ni wa kweli. Kigoda ambacho Gikonyo anataka kumchongea Mumbi bado kiko kichwani mwake tu. Kwa hiyo wenzangu, tukimaliza hadithi zetu tusiogope kuwaacha watu wetu bado wana kazi ya kufanya.